Kwa viongozi wa jumuiya: kabla hamjamrudisha mtu mlangoni

Tumsifu Yesu Kristo.

Nawaandikia hasa viongozi wa jumuiya ndogo ndogo za Wakatoliki wa hapa Unguja na Pemba: wenyeviti, makatibu, watunza hazina, na makatekista wenzangu. Ukishika uongozi wa jumuiya, watu huanzia kwako. Mama akitaka mtoto wake abatizwe haendi moja kwa moja kwa Paroko, anakuja kwako kwanza kwa sababu anahitaji barua ya jumuiya ya kupeleka parokiani. Jibu utakalompa hapo barazani anaweza kuishi nalo miaka yote, maana ukimkatalia wewe, ofisi ya parokia hafiki tena.

Katika kazi yangu ya ukatekista nimewafuata majumbani watu wengi walioacha kusali. Wachache sana walinieleza kwamba imani imewatoka. Wengi walinisimulia siku ambayo mtu aliwaambia, "Wewe huruhusiwi." Nikifuatilia, mara nyingi nakuta katazo lile halimo popote katika sheria za Kanisa. Ni desturi ya mahali, au maneno yaliyosikika zamani yakarithiwa, au ni ugomvi wa majirani uliovishwa kanzu.

Sisemi kwamba Kanisa halina sheria. Linazo, nami nazifundisha kwa moyo wote: ndoa ni ya mume mmoja na mke mmoja hadi kifo, na Komunyo ina masharti yake. Ninachowaomba ni kimoja tu. Kabla ya kumwambia mtu "huruhusiwi", hakikisha ni Kanisa linalokataa, si wewe.

Jambo hili lina uzito wa pekee hapa visiwani. Wakatoliki ni wachache, na wengi wao wamekuja kutafuta kazi: hoteli za Nungwi, Kiwengwa na Paje, jeshini, polisi, ujenzi, ualimu wa skuli. Kijana akirudishwa na jumuiya kule kwao Songea, ana bibi na shangazi wa kumshika mkono. Hapa hana. Jumuiya ndiyo ukoo wake, na ikimfukuza anabaki na chumba cha kupanga na simu. Tukumbuke pia tulikotoka. Mapadre wa kwanza wa zama hizi walifika Unguja mwaka 1860, na miongoni mwa wakristo wao wa mwanzo walikuwa watoto waliokombolewa kutoka soko la watumwa, watu wasio na ukoo wala hati yoyote. Kanisa la Minara Miwili tunalojivunia pale Mji Mkongwe, lililojengwa miaka ya 1890, lilikuwa kanisa la watu wa namna hiyo. Nani angewaandikia barua ya jumuiya?

Nianze na ubatizo. Binti amezaa bila ndoa, au wazazi wanaishi pamoja bila kufunga ndoa, na kiongozi anasema mtoto habatizwi mpaka wazazi "wajirekebishe". Soma kanuni ya 868 ya Sheria za Kanisa. Inadai mambo mawili: mzazi mmoja angalau akubali, na kuwe na tumaini la msingi kwamba mtoto atalelewa katika imani. Ndoa ya wazazi haikutajwa. Hata pale tumaini linapokosekana kabisa, kanuni inasema ubatizo uahirishwe, na wazazi waelezwe sababu. Januari 2014 Papa Fransisko alibatiza watoto ndani ya Kanisa dogo la Sistine, mmoja wao akiwa wa wazazi waliofunga ndoa ya kiserikali tu. Kwa hiyo ukimwona binti huyo anakuja na mtoto mgongoni, mtafutie msimamizi mwema, mpangie mafundisho, mwandikie barua. Amekuja mwenyewe na aibu yake yote, na tumaini linalotakiwa ndilo hilo lililomleta.

Sasa nije kwenye jambo linalotusumbua kuliko yote hapa Zanzibar: dada zetu walioolewa na Waislamu.

Mfano wake wengi mnaufahamu. Dada ameolewa kwa kadhi, hakusilimu, na mume hamzuii kusali. Wapo waume wanaowapakia wake zao kwenye vespa Jumapili na kuwashusha mlangoni mwa kanisa, kisha wanawafuata Misa ikiisha. Halafu dada yule akifika kwenye jumuiya anaambiwa ametengwa na Kanisa, asisome somo, asiongoze rozari, na asikae na kina mama wa WAWATA, yaani chama cha wanawake Wakatoliki. Naumia sana ninapolisikia hili, kwa sababu mume Mwislamu amemfikisha mlangoni na sisi Wakatoliki tukamzuia asiingie.

Hajatengwa. Ndoa yake haijatambuliwa na Kanisa kwa sababu ilifungwa bila kibali, na kwa hali hiyo hapokei Komunyo. Hayo ni kweli, na aelezwe kwa upole. Lakini bado ni Mkatoliki mwenye haki ya Misa, sala, jumuiya, na kulea watoto wake katika imani. Papa Yohane Paulo II aliandika mwaka 1981 kuhusu walioachana na kuoa au kuolewa tena, kwamba wasijione wametengwa na Kanisa, na akawaagiza wachungaji na waamini wote wawasaidie. Kama wao hawajatengwa, huyu dada yetu atengwe kwa lipi?

Tena hali yake mara nyingi ina dawa, na hapa ndipo kiongozi anapaswa kujua mambo. Askofu anaweza kutoa kibali cha ndoa kati ya Mkatoliki na mtu asiyebatizwa. Anayetoa ahadi ni Mkatoliki: kwamba atailinda imani yake, na atafanya yote yaliyo ndani ya uwezo wake ili watoto wabatizwe na kulelewa Kikatoliki. Mume anaarifiwa tu kuhusu ahadi hiyo, hasaini chochote. Hilo limebadilika tangu Papa Paulo VI mwaka 1970, ila bado nakutana na watu wanaomtisha mume kwamba atasainishwa karatasi za kuwatoa watoto. Mwanamume wa Kiislamu akisikia hivyo hakanyagi ofisini, na huwezi kumlaumu.

Na akikataa kabisa kuja kanisani kurudia viapo? Bado kuna njia. Wanasheria wa Kanisa wanaiita sanatio in radice, yaani ndoa inaponywa tangu kwenye mzizi wake, bila wawili hao kurudia kukubaliana, mradi nia yao ya kuwa mume na mke bado ipo. Nimeona uso wa mama aliyeambiwa habari hii baada ya miaka mingi ya kukaa benchi la nyuma, na natamani kila kiongozi auone uso ule. Kama mume ana mke mwingine, au mmoja wao aliwahi kufunga ndoa kabla, hapo mambo ni magumu zaidi. Usijaribu kuyahukumu barazani, yapeleke kwa Paroko yalivyo. Kazi yako ni kusindikiza, na ukiweza, nenda naye mpaka ofisini, maana wengi wanaogopa kuingia peke yao.

Waliovunjikiwa ndoa ya kwanza nao waelekezwe mahakama ya Kanisa ya jimbo. Papa Fransisko alirahisisha utaratibu huo mwaka 2015, na hukumu haihitaji tena kuthibitishwa na mahakama ya pili. Ukisikia mtu anasema "hiyo kesi inakwenda Roma miaka kumi", mrekebishe.

Kuhusu wafanyakazi wa hoteli nitasema machache. Mtu wa zamu ya Jumapili si mzembe. Misa ya Jumamosi jioni inatimiza wajibu wa Jumapili, na aliyezuiwa na sababu nzito hana dhambi. Badala ya kumhesabia siku alizokosa, muulizeni zamu yake ikoje, kisha jumuiya ikutane saa ambayo naye anaweza kufika.

Nimeacha mazishi mwisho kwa sababu hapo ndipo nimeona ukatili mkubwa zaidi.

Mtu amefariki. Kadi yake ya zaka ina nafasi tupu, jumuiyani hakuonekana siku nyingi. Viongozi wanakaa kikao: asomewe Misa au asisomewe? Katika msiba mmoja niliohudhuria, majirani Waislamu walikuwa wameshafika na majamvi na masufuria, wanaume wanafunga turubai, kina mama wanamenya vitunguu, na wakati huo viongozi wetu walikuwa chumbani wanapekua kadi. Mjane alikuwa anasikia kila neno.

Kanuni ya 1184 inawataja wanaoweza kunyimwa mazishi ya Kanisa: walioasi imani hadharani, waliochagua kuchomwa maiti yao kwa nia ya kuipinga imani ya Kikristo, na wadhambi wa wazi ambao mazishi yao yangewakwaza waamini. Hata hao, wakionyesha ishara yoyote ya toba kabla ya kufa, wanazikwa. Kukiwa na shaka anaulizwa Askofu. Zaka haimo. Mahudhurio ya jumuiya hayamo. Kinyume chake, kanuni ya 1181 inaonya kwamba maskini wasikose mazishi yanayostahili. Aliyejiua, ambaye sheria ya Kanisa ya mwaka 1917 ilimnyima, hakutajwa tena katika ile ya mwaka 1983 tunayoifuata. Mkatekumeni, yaani anayejiandaa kubatizwa, anahesabiwa pamoja na waamini. Mtoto aliyekufa kabla ya kubatizwa, ambaye wazazi wake walikusudia abatizwe, anaweza kuzikwa na Kanisa kwa ruhusa ya Askofu.

Zaka ni wajibu, nami nawakumbusha waamini kila mara. Ila wajibu huo unadaiwa kwa mtu aliye hai, kwa kumtembelea na kumuuliza kimempata nini. Mara nyingi ukimtembelea unakuta hana kazi tangu msimu wa watalii ulipoisha, na anaona haya kuja mikono mitupu.

Basi mkipata taarifa ya kifo, kikao cha kadi kisiwepo. Mmoja ampigie Paroko saa ile ile, wengine waende msibani wakawasaidie majirani, na mjane akiuliza kama mumewe atasomewa Misa, aambiwe: "Mama, Paroko ameshapigiwa, tunasubiri atupe saa."