Jibu: Mtoto alikosa sindano ya wiki 14, tuanze upya?
Habari dada, umeuliza kama mtoto wa miezi 9 aliyekosa pentavalenti (sindano moja ya kukinga magonjwa matano) ya wiki ya 14 juu mlikuwa ushago lazima aanze upya. Hapana, zile za wiki 6 na 10 bado zinahesabika, anamalizia tu. Kwanza angalia kitabu cha kliniki ni gani haijaandikwa tarehe, alafu mpeleke hii wiki juu miezi 9 ni pia ya surua-rubella na zinadungwa siku moja, moja pajani ingine mkononi. Wetu hapa Kisumu alipata joto kidogo usiku ikaisha. Surua nayo si ya kuchezea, huleta nimonia. Dozi yake ya pili, ile ya miezi 18, ndio watu husahau sana. Ukiwa hapo uliza nesi pia chanjo ya malaria, huku kwetu ilianza 2019.