Anza na ruta, kisha flashi

Dada, umeuliza uanzie wapi kulinda kompyuta zako dhidi ya virusi na wadukuzi: steshenari yako hapo Masasi ina kompyuta nne, wateja wanatumia Wi-Fi hiyohiyo, na juzi mafaili kwenye flashi yote yaligeuka shotikati, yaani vialama tu visivyo na faili lenyewe, dalili ya kirusi. Pole sana.

Anza na ruta, kile kifaa kinachosambaza Wi-Fi. Igeuze usome stika ya chini. Kama nywila ya kuingilia mipangilio bado ni ya kiwandani, ibadilishe leo. Kisha washa mtandao wa wageni, simu za wateja zikae huko.

Flashi ndizo zinazonitia hofu zaidi. Msimu wa korosho kila mtu anakuja na yake, ana haraka, anataka karatasi zake zitoke. Tenga kompyuta moja ya kuzipokea, usiiunganishe na zile nyingine, na ukague kila flashi kwa antivairasi kabla ya kufungua chochote.

Masasisho usiyaahirishe kwa kuonea huruma bando. Mei 2017 kirusi cha WannaCry, kinachofunga mafaili na kudai pesa, kilizikwamisha hospitali za Uingereza, na Microsoft walikwishatoa sasisho la kuziba tundu hilo tangu Machi!

Nakala za kazi weka kwenye diski ya nje. Ukimaliza ichomoe, maana ikibaki imechomekwa kirusi kitaifikia nayo.