Fremu Kamili Mfukoni: Maswali Yenu Kuhusu Kamera Ndogo za Bei Kubwa

Tangu Sony watoe RX1R III mwezi Julai 2025, swali ni lile lile kwa maneno tofauti: je, kamera ndogo yenye sensa (kipande kinachopokea mwanga) ya fremu kamili, yaani ya ukubwa wa picha ya filamu ya milimita 35, na lenzi isiyobanduka inastahili bei yake? Nimechagua barua chache. Ninyi mnaoandika "kamera gani nzuri?" bila kusema mnapiga nini wala mna kiasi gani, barua zenu zimekwenda kapuni, na zitaendelea kwenda huko.

Shikamoo mwalimu. Nimeanza kazi ya kupiga picha za harusi na nimejiwekea akiba. Kati ya Leica Q3 na Sony RX1R III, ipi itanifaa zaidi? – Msomaji wa Tanga

Marahaba. Hakuna itakayokufaa. Q3 ina lenzi moja ya milimita 28, inayoona eneo pana na haivuti kilicho mbali, RX1R III ina moja ya milimita 35, basi. Harusi ya Pwani ina nikaha msikitini, ina ukumbi wa kina mama, ina ukoo mzima uliopangwa kwenye ngazi. Kwa milimita 28, ukitaka mkono wa bwana harusi ndani ya mkono wa kadhi itabidi uipenyeze kamera katikati ya kofia za wazee. Tena zote mbili zina nafasi ya memori kadi moja tu. Kadi ikifa usiku ule, harusi ya watu imekwenda nayo. Nunua kamera ya kawaida ya kubadilisha lenzi yenye nafasi mbili za kadi, ununue na flashi nzuri. Chenji itakayobaki itakulipia msaidizi msimu mzima.

Fujifilm X100VI ni fremu kamili? – Msomaji wa Kampala

Hapana. Nimeshalijibu hili zaidi ya mara moja.

Ninaishi Minneapolis. Sielewi kwa nini kamera ambayo lenzi yake haitoki iuzwe ghali kuliko ile ambayo lenzi inatoka. Si ingekuwa kinyume chake?

Hili ndilo swali nililolitaka.

Tuanze na bei. RX1 ya kwanza ilitoka 2012 kwa dola 2,799. RX1R II ya 2015 ilikuwa karibu dola 3,300. Kikapita kimya cha karibu miaka kumi, ndipo ikaja RX1R III kwa dola 5,098. Upande wa Leica, Q ya 2015 ilikuwa dola 4,250, Q2 ya 2019 ikawa dola 4,995, Q3 ya 2023 ikawa dola 5,995, na Q3 43 ya 2024 ikafika dola 6,895. Hizo ni bei za Marekani siku kamera zilipotoka, bila kodi.

Sasa unalipia nini? Kwanza, lenzi. Lenzi isiyotoka haihitaji mdomo wa chuma wa kuishikilia, kwa hiyo kioo cha mwisho kinaweza kukaa karibu mno na sensa, na kiwandani kila lenzi hulinganishwa na sensa yake. Ndiyo maana lenzi ya f/2, yenye tundu kubwa la mwanga, inaingia kwenye kamera ya gramu 498 bila kupoteza ukali pembeni. Pili, shata, lile pazia linalofungua na kufunga mwanga, iko ndani ya lenzi yenyewe. Haina kelele, na inakubaliana na flashi hata kwa kasi ya 1/2000 ya sekunde, wakati kamera nyingi za fremu kamili huishia 1/160 au 1/250. Anayepiga picha ufukweni saa saba mchana, kanzu nyeupe na uso mweusi kwenye jua moja, anajua thamani ya jambo hilo. Tatu, zinauzwa chache, na gharama za kuzibuni lazima zirudi kutoka kwa wanunuzi hao wachache. Nne, kuna jina. Kidoti chekundu cha nembo kina bei yake na Leica hawaoni haya kuitoza.

Hayo ya kwanza mawili ni ya kweli, siyakatai. Lakini piga hesabu hii. Canon R8 ilitoka 2023 kwa dola 1,499, nayo ni fremu kamili. Ukiipachika lenzi nyembamba ya Canon ya milimita 28 f/2.8, iliyotoka kwa dola 299, mzigo wote una gramu 581. Kwa hiyo RX1R III imeizidi kwa wepesi wa gramu 83 na imeizidi kwa bei ya dola 3,300. Hiyo ni karibu dola 40 kwa kila gramu uliyopunguziwa. Ni kweli Sony inakupa f/2 na megapikseli 61 dhidi ya 24, na inaingia mfuko wa koti ambao Canon haiingii. Lakini Canon ukiichoka unabandua lenzi, unaweka nyingine. Sony ukiichoka unaiuza kwa hasara.

Kinachonikera hasa ni hili: RX1R III imekuja na lenzi ile ile ya 2012, haina kidhibiti cha mtikisiko ndani, na kioo cha nyuma cha kutazamia picha kimegandishwa, wakati cha RX1R II kilikuwa kinainuka. Umeongezewa bei karibu dola 1,800 na ukanyang'anywa kioo. Betri nayo ni NP-FW50, ndogo na ya zamani, ya kama picha 300. Q3 ni ghali zaidi, lakini ina kidhibiti cha mtikisiko kwenye lenzi na kioo kinachoinuka. Kati ya kampuni hizi mbili, ile yenye sifa ya kuuza jina ndiyo iliyotengeneza kamera kamili zaidi. Nilidhani siku hiyo haitafika.

Fremu kamili ni bora kuliko APS-C kwa kiasi gani? Nataka jibu la namba, si la ushabiki. – Nairobi

Sensa ya fremu kamili ina milimita 36 kwa 24, yaani eneo la milimita za mraba 864. APS-C, ile sensa ndogo zaidi iliyo ndani ya X100VI, inakaribia 370. Kwa hiyo ile kubwa inakusanya mwanga kama mara 2.3 kwa lenzi ya f ile ile, faida inayozidi kidogo stopu moja, yaani mwanga mara mbili. Kwa kufifisha mandhari ya nyuma, f/2 ya X100VI inaonekana kama f/3 ya fremu kamili.

Kwa vitendo: usiku mitaani, kwa f na kasi ile ile, zote mbili zitataka ISO (kiwango cha kukuza mwanga) 6400, lakini chembechembe za RX1R III zitakuwa kama za X100VI kwenye ISO 3200 hivi. Sasa kumbuka kwamba X100VI ilitoka 2024 kwa dola 1,599, ina kidhibiti cha mtikisiko, na ina kichujio cha kupunguza mwanga ndani yake. Kama unachopiga hakikimbii, kidhibiti hicho kinakurudishia stopu hiyo moja na nyingine juu yake, kwa sababu unaweza kushusha kasi ya shata bila picha kutikisika. Faida ya fremu kamili inabaki kwa kitu kinachotembea gizani na kwa picha utakayoichapa kubwa kama mlango. Ukimaliza kuipiga na kuituma WhatsApp, imekwisha kusagwa. Hakuna jicho litakalotofautisha.

Tena niseme jambo ambalo vijana hawaambiwi. Fremu kamili si anasa iliyobuniwa juzi. Ni kipimo cha filamu ya milimita 35 alichokitumia Oskar Barnack, mbunifu wa Leica, kule Wetzlar, Ujerumani, na Leica ya kwanza ya madukani ikatoka nacho mwaka 1925. Baadaye karibu kila kamera ndogo ya filamu ya milimita 35 iliyoning'inia shingoni mwa mjomba ilikuwa "fremu kamili", ikiwemo Yashica ya ofisa wa kawaida wa serikali. Olympus XA ya 1979 ilikuwa inaingia mfuko wa shati. Kilichopanda bei ni kipande cha silikoni cha ukubwa huo. Kipimo chenyewe hakijawahi kumfanya mtu yeyote kuwa mpiga picha.

Nikiwa na megapikseli 60 si naweza kukata picha tu, lenzi moja ikawa lenzi nne? – Bukavu

Ndivyo matangazo yanavyosema. Q3 ina kitufe cha kukata kutoka 28 kwenda 35, 50, 75 hadi 90. Lakini angalia kinachobaki: kwenye 35 una megapikseli 39, kwenye 50 una 19, kwenye 75 una 8, na kwenye 90 una 6. Mbili za kwanza nazikubali bila kinyongo. Za mwisho ni za kujifurahisha. Na kukata hakubadilishi mahali uliposimama wala hakufifishi nyuma kama lenzi halisi ya 90 ingefanya, kwa sababu mwanga unaotumika ni wa ile sehemu ndogo ya sensa tu. Umenunua fremu kamili ukaigeuza kuwa sensa ya simu nzuri.

Naja Serengeti mwezi wa saba. Q3 itatosha? – Arusha, kwa sasa niko Ulaya

Kwa magari ya watalii wenzako, itatosha sana.

Nipo Maskati. Kuna duka la mtandaoni linauza Q3 mpya kwa theluthi mbili ya bei. Ninunue nije nayo Dar?

Usinunue. Hakuna anayeshusha Q3 mpya kiasi hicho kwa moyo mwema. Ama si mpya, ama ni ya wizi, ama haipo kabisa. Omba namba ya kamera na risiti ya kwanza, uiulize kampuni kabla ya kutuma hata riali moja. Muuzaji akianza kukasirika, umeshapata jibu. Kama unataka nafuu ya halali, tafuta Q2 iliyotumika kwa mtu utakayekutana naye uso kwa uso: lenzi ni ile ile ya f/1.7, megapikseli 47, na mwenyewe wa kwanza ameshaibeba ile hasara kubwa. Na kodi usiisahau. VAT ni asilimia 18 Tanzania na 16 Kenya, achilia mbali ushuru wa forodha. Najua wapo wanaoivaa shingoni na kujifanya watalii. Mimi sifundishi hilo hapa.

Nakaa Zanzibar, karibu na bahari. Lenzi zangu mbili zimeota ukungu ndani. Kamera ya lenzi isiyotoka si ndiyo salama zaidi, maana haifunguliwi? – Msomaji wa Unguja

Ungefikiri hivyo, na wauzaji wanapenda ufikiri hivyo. Mambo ni mawili, vumbi na kuvu, na kwa yote mawili lenzi isiyotoka inaweza kukutesa zaidi.

Vumbi huingia hata hivyo, kupitia lenzi inaposogea kutafuta fokasi. Kwenye kamera ya kawaida, chembe ikitua juu ya sensa unabandua lenzi, unapuliza kwa kipulizio cha mpira, kwisha. Kwenye hizi, chembe hiyo imejifungia ndani pamoja nawe. Kuitoa ni kuifungua kamera yote na kuilinganisha upya lenzi na sensa, kazi ya karakana ya kampuni. Fundi wa mtaani anayekwambia "hii ndogo, nipe kesho" usimwachie. Hesabu ya bei yako haijakamilika kama hujaweka nauli ya kamera kwenda karakana hiyo na miezi ya kuisubiri. Q3 angalau ina alama ya IP52. Hiyo 5 maana yake vumbi linaweza kupenya kidogo bila kuharibu kazi, na 2 ni matone ya maji. Haizungumzii mawimbi ya Nungwi. RX1R III haina hata alama hiyo.

Kuvu ndiyo mbaya zaidi. Lenzi ya kubadilisha ikioza unapoteza lenzi. Hapa ikioza, umepoteza kamera nzima ya dola elfu tano. Kuvu hupenda giza, unyevu na utulivu, kwa hiyo kamera inayotumika kila siku huota mara chache kuliko inayofichwa kabatini kwa kuogopewa. Iweke kwenye kontena la plastiki linalofunga sawasawa, lile la kuhifadhia unga linatosha, pamoja na pakiti za silika na kipimo kidogo cha unyevu. Lenga asilimia 40 hadi 50. Pakiti zikichoka zikaushe au uzibadilishe. Na ukitoka kwenye chumba cha kiyoyozi, iache ndani ya mfuko uliofungwa hadi ipate joto la nje, la sivyo umande utatanda kwenye vioo.

Basi ni nani anayestahili kuinunua? Maana umewakataza wote. – Mombasa

Sikuwakataza wote, bwana. Yupo anayestahili: ameshapiga miaka kwa 28 au 35 na hana hamu ya nyingine, anasafiri kila mara na mgongo umemchoka, anachapa kazi zake kubwa, na pesa hiyo ikitoka hakuna karo inayosubiri. Huyo anunue Q3, na kama jicho lake ni la karibu kidogo, anunue Q3 43. RX1R III ningempa yule tu ambaye mfuko wa koti ndio sharti lake la kwanza.

Kama hujui wewe ni nani kati ya hao, chukua zumu uliyo nayo, izungushe hadi 35, uibane kwa selotepu. Piga hivyo mwezi mzima: sokoni, kivukoni, nyumbani kwa shangazi. Ukiona mkono unaendelea kuitafuta ile selotepu kuibandua, umeokoa dola elfu tano. Na kabla ya kulipia kamera ya kampuni yoyote, jiulize kama itakuwa bado inaitengeneza. Zeiss walionyesha ZX1, kamera yao ya aina hii, mwaka 2018, wakaiuza kuanzia 2020 kwa dola 6,000, lenzi safi ya 35 f/2, na haikudumu sokoni.

Mfuko wa ngozi wa Q3 unauzwa bei ya lenzi. Unaupendekeza? – Lamu

Ngozi hunyonya unyevu na kuukalisha juu ya kamera usiku kucha. Rudi kwenye jibu la msomaji wa Unguja, kontena la unga.