Kabla hujavuta dawa kwenye bomba la sindano

Ninyi mnaoanza kusomea farmakolojia ya mifugo mtapewa jedwali la dozi, na mtalipenda, maana linaonekana limemaliza kazi: jina la dawa, miligramu kwa kilo, basi. Hata mimi nililipenda. Nikiwa kwenye mafunzo kwa vitendo nilitumwa kumtuliza fahali wa kilo 400 ili ashonwe jeraha. Zailazini, dawa ya kutuliza, nilikuwa nimeizoea kwa farasi, miligramu 1.1 kwa kilo kwenye mshipa. Nikapiga hesabu, nikavuta mililita 4.4 kutoka chupa ya asilimia 10. Mwalimu akanishika kiganja kabla sijaugusa mshipa. "Huyu ni nani?" akaniuliza.

Ng'ombe hutosheka na takriban sehemu moja ya kumi ya dozi ya farasi. Bomba langu lilibeba miligramu 440, na fahali yule alihitaji 40 tu. Angeanguka, tumbo lingejaa gesi, pumzi zingefifia. Mwalimu akachukua chupa ya asilimia 2, akavuta mililita 2, akachoma msulini. Baada ya muda kichwa kikashuka, mate yakaanza kumdondoka, tukashona. Tangu siku hiyo naisoma asilimia ya chupa kwa sauti: asilimia 2 ni miligramu 20 kwa mililita, asilimia 10 ni 100.

Hesabu yangu haikuwa na kosa hata moja. Nilichokosea ni mnyama. Zailazini huzigusa neva za ng'ombe kwa ukali kuliko za farasi. Kwa dawa nyingine tofauti iko kwenye ini. Chukueni aspirini: farasi huondoa nusu yake mwilini kwa saa 1 hivi, mbwa kwa kama saa 8, paka kwa zaidi ya saa 30. Ini la paka ni dhaifu mno katika kuunganisha dawa za namna hii na asidi ya glukuroni ili zitoke. Ndiyo maana tembe moja ya parasetamoli, ambayo mtu humeza bila wasiwasi, inaweza kumuua. Chembe nyekundu za damu yake hushindwa kubeba oksijeni, ufizi hugeuka kahawia, uso huvimba. Mwenye paka akisema "nilimpa kidogo tu", msimwambie asubiri aone.

Mbuzi naye huonewa kwa kuitwa kondoo mdogo. Albendazoli, dawa ya minyoo, huisha haraka zaidi mwilini mwake, hivyo dozi ya kondoo huacha minyoo hai, na ile inayobaki ndiyo iliyoivumilia dawa. Mkiongeza na uzito wa kukisia kwa macho, mnafuga minyoo sugu. Pimeni kwa mizani, au walau kwa utepe wa kuzungushia kifua ili kukadiria uzito.

Hata ndani ya aina moja wanyama hawalingani. Baadhi ya mbwa wa aina ya collie wana kasoro ya kurithi inayoacha aivamektini, dawa ya vimelea, ipenye hadi kwenye ubongo na kuwadhuru. Ndama mchanga ini lake halijakomaa. Tena ukimpa antibiotiki ya oksitetrasaiklini pamoja na maziwa, kalisiamu huikamata tumboni na dawa nyingi haifiki kwenye damu. Ng'ombe mzima ukimnywesha antibiotiki, unaweza kuua vijidudu vinavyomchachushia majani tumboni, akaacha kucheua.

Na mgonjwa mwenyewe je? Dozi zile zilipimwa zaidi kwa wanyama wenye afya. Aliyeharisha siku tatu, macho yamezama, ngozi ukiivuta inachelewa kurudi, figo zake zinapata damu kidogo. Gentamisini, antibiotiki nyingine, hutoka kwa njia ya figo na huziumiza ikikawia humo. Mnyama wa namna hiyo mimi humwongezea maji kwanza, nangoja akojoe, ndipo nashika bomba.