Anayekwambia uhesabu viunganishi anakupeleka kubaya

Funga hilo daftari kwanza. Unasema mwalimu wako wa masomo ya jioni hapo Arua amewafundisha kwamba sentensi ya Kiingereza isiyo na kiunganishi ni sahili, yenye kimoja ni ambatano, yenye viwili au zaidi ni changamano. Unauliza kama ndivyo. Sivyo! Hata kidogo.

Uchafu huohuo nilinunua kwa bwana mmoja aliyekuwa akitutoza kila wiki, tai shingoni, chaki mfukoni. Alituaminisha kwamba viunganishi vikizidi, sentensi inapanda cheo. Basi kwenye mtihani wa S4, yaani kidato cha nne, lile swali la kuandika upya sentensi ukianza na "Although", nikaanza nayo kama nilivyoelekezwa, halafu "but" nikaiacha palepale: "Although it rained, but we played." Nikajiona nimetoa changamano ya kifalme. Kumbe "although" imeshakifanya kishazi cha kwanza, "it rained", kuwa tegemezi, yaani hakiwezi tena kusimama chenyewe. Sasa "but" inaunganisha nini na nini? Kwetu ukisema "ingawa mvua ilinyesha, lakini tulicheza" hakuna wa kukushangaa, ndiyo maana sikio halikunionya. Nikamwaga viunganishi hivyo hadi kwenye insha. Kiingereza kikaanguka, mzee akauza mbuzi ili nirudie mwaka. Ukoo mzima unajua mbuzi yule alikufa kwa ajili ya "but". Bwana wa tai alikuwa ameshakula pesa na kuhama mtaa. Siku nikikutana naye nitamwomba anichanganulie hasara.

Kanuni ni hii tu: tafuta kitenzi chenye wakati, kisha uliza kiima chake, yaani mtenda, ni nani. Kiima pamoja na kiarifu chake, yaani yanayosemwa juu yake, ndicho kishazi. Hesabu vishazi, achana na viunganishi.

"Wasswa and Kato washed the plates and went to Mukono." Ina "and" mbili, lakini kiima ni kimoja, hao pacha kwa pamoja. Sahili. "Wasswa washed the plates and Kato went to Mukono." Hapa "and" ni moja, ila kila upande una kiima chake na unaweza kusimama wenyewe. Ambatano. "The man who sells rolex near the taxi park knows my uncle." (Rolex hapa ni chapati iliyoviringiwa mayai, si saa.) "And" hata ya dawa hakuna, lakini "who sells rolex near the taxi park" ni kishazi tegemezi kilichojibanza katikati. Changamano. "Having washed the plates, Kato went to Mukono" inawatega wengi kwa sababu ya urefu na koma. "Having washed" haina wakati wala kiima chake, kwa hiyo ni sahili. Na ukiandika "Because Kato went to Mukono" ukatia nukta, bado hujaandika sentensi, maana kishazi tegemezi kimeachwa peke yake.

Amri kama "Sit down!" isikutishe: kiima ni "you", kimefichwa tu. Ihesabu vilevile.

Kesho mwandikie ubaoni ile ya Wasswa na Kato yenye "and" mbili, umuulize kishazi tegemezi kiko wapi. Akianza kukohoa, dai pesa zako hapohapo.