Nimepita msikitini, kwa mganga na kanisani. Sasa siamini chochote

*Shikamoo Shangazi. Nina miaka 33, mzaliwa wa Newala, naishi Mtwara mjini na mke wangu na binti yetu wa miaka saba. Nimekulia madrasa, Kurani nimehitimu, jandoni nimepita kama wenzangu. Mke ni Mkristo wa Masasi, ndoa tulifunga bomani. Binti alipoanza kuanguka kifafa, mama alitupeleka kwa mganga, akasema ni mashetani ya upande wa baba. Haikusaidia. Nikamfuata mke kwenye kanisa la maombezi, nikaokoka kwa moyo wangu wote, fedha ya korosho ya msimu mzima nikaipanda mbegu madhabahuni. Mtumishi akatuambia kumeza vidonge ni kukosa imani. Tukaacha dawa. Usiku mmoja mtoto alianguka mfululizo mpaka tukamkimbiza hospitali. Amerudi kwenye dawa na hajaanguka kwa miezi kadhaa, lakini mimi tangu usiku ule siamini tena. Nikiswali naona naigiza. Mama anadhani nimerudi kwenye Uislamu, amefurahi sana, na kwenye hitma ya marehemu baba mwezi ujao anataka nisome juzuu na kuomba dua mbele ya watu. Mke naye ameanza kusema tujaribu tena maombi bila dawa. Wapo vijana wasioamini ninaokaa nao jioni Shangani, wananiambia nijitangaze na nimkate mama. Wanatukana dini za watu, kwao pia situlii. Shangazi, nimepotea? Mahali pangu ni wapi?*
*Mwenye Mashaka, Mtwara*

Marahaba mwanangu, na pole kwa usiku ule.

Naanza na mtoto. Habari za imani zinaweza kusubiri mwezi, hata mwaka. Kidonge cha jioni hakisubiri. Dawa ya kifafa ikikatwa ghafla, ugonjwa unaweza kurudi kwa kishindo, mgonjwa akaanguka tena na tena bila kuzinduka katikati, na hali hiyo huua. Ndicho mlichokiona. Kwa hiyo dawa haiachishwi na mama, wala mke, wala mtumishi, wala wewe siku utakayoona amepona. Ataiachisha daktari, tena kwa kupunguza taratibu. Na kila mtu humo ndani, pamoja na mwalimu wake wa shule, ajue la kufanya akianguka: sogezeni moto na vyenye ncha kali, mlazeni ubavu, msimtie kijiko mdomoni, msimbane mikono. Zikipita dakika tano hajatulia, hospitali. Mate yake hayamwambukizi mtu. Bado wapo watu wazima wanaomkimbia mtoto aliyeanguka kwa kuogopa mate, na mtoto anaungua jikoni wao wakiwa wamesimama mlangoni. Jambo hilo linaniuma sana.

Sasa, mama yako anaweza kutaka kumwandikia mjukuu wake kombe. Mwache amwandikie. Unakijua kisahani chenyewe: cheupe, aya zimeandikwa kwa zafarani, kinasuuzwa kwa maji safi, mtoto anakunywa mafunda mawili matatu huku bibi amemshika kisogo. Na mke wako akimwekea mkono kichwani akamwombea, mwache amwombee. Hakuna kati ya hayo kinachomzuia mtoto kumeza kidonge chake. Sentensi moja tu ndiyo isiyoruhusiwa nyumbani kwako, nayo ni "acheni dawa", hata ikitoka kwa nani. Hapo simama kama baba, na usimwombe mtu radhi.

Unauliza kama umepotea. Sioni hivyo. Ulivyofundishwa madrasa, Nabii Ibrahim alimwomba Mola amwonyeshe anavyofufua wafu. Akaulizwa, kwani huamini? Akajibu anaamini, ila anataka moyo wake utulie. Imo katika Suratul Baqara, aya ya 260. Hakukaripiwa, aliambiwa achukue ndege wanne. Imam Ghazali, mwanachuoni ambaye hata masheikh wetu wa huku wanamtaja kwa heshima, alipitia kipindi cha kushuku hata yale ambayo macho yanamwonyesha, na mwaka 1095 akaacha ualimu wake mkubwa Baghdad akaondoka. Sikuelezi hayo ili nikurudishe msikitini kwa mlango wa uani. Mimi naswali, na ningefurahi kukuona safuni, lakini swala ya kuigiza simtakii mtu. Nakueleza ujue kwamba watu wa dini wenyewe walishuku, wengine wakarudi na wengine hawakurudi, na kushuku kwao hakukuwa uhuni.

Lakini hapa nikubane kidogo, kwa sababu naona unaweza kuhama kutoka kuamini haraka hadi kutoamini haraka. Wewe umeamini vidonge kwa kuwa mwanao ametulia. Jirani yako aliyeokoka anaamini maombi kwa kuwa wa kwake ametulia. Mama anaamini mganga kwa kuwa kuna mtoto wa shoga yake alipelekwa, akatulia. Tofauti iko wapi? Kifafa kina tabia ya kuja na kuondoka. Kinaweza kukaa kimya wiki, hata miezi, pasipo mtu kufanya lolote. Watu huhangaika kinapozidi, kisha kikitulia, kile walichofanya mwisho ndicho kinachopewa sifa. Ndivyo waganga wengi wanavyopata jina bila hata kudanganya. Wao wenyewe wanaamini.

Kwa hiyo mtoto mmoja, hata akiwa wako, hatoshi kuthibitisha. Vidonge vinaaminika kwa sababu vimejaribiwa kwa wagonjwa wengi, wakalinganishwa waliotumia na wasiotumia, wakahesabiwa walioanguka huku na kule. Wewe ni mtoto wa Newala, kazi ya namna hiyo umeiona shambani. Msimu wa 1973/74 nchi hii ilivuna korosho kama tani 145,000. Ilipofika 1986/87 hata 20,000 hazikufika. Ukitaka sababu moja ya kumtupia mtu lawama, hukosi wa kukupa. Lakini waliochunguza walikuta mambo yamerundikana: watu walihamishiwa vijijini wakaacha mikorosho yao mbali, bei ilikuwa mbaya, na ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, uliunguza maua. Watafiti wa pale kituo cha utafiti wa kilimo Naliendele hawakujua dawa ya ubwiriunga kwa kuoteshwa. Mikorosho mingine ilipulizwa salfa, mingine ikaachwa, kisha mavuno yakapimwa. Mashaka ninayokutakia ni hayo ya kupuliza mstari mmoja wa miti na kuacha mwingine ili uone. Na daktari naye muulize hivyo hivyo: dawa hii inafanya nini, madhara yake ni yapi, mtapima nini kujua inamfaa? Ukimwamini daktari kwa koti lake jeupe, utakuwa umerudi pale pale ulipokuwa na mtumishi.

Nije kwa hao vijana wa Shangani. Wanakwambia imani ni upumbavu mtupu. Sisi watu wa Kusini tuna sababu ya kutosema hivyo ovyo. Mwaka 1905 Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe aliwapa watu maji, ikaaminika kwamba risasi za Wajerumani zitageuka maji. Habari zikatoka Umatumbi zikafika Liwale, zikafika Masasi. Makabila ambayo hayakuwahi kusimama pamoja yakasimama, yakikataa pamba ya lazima, kodi na viboko. Imani ndiyo iliyowaunganisha, na madai yao yalikuwa ya haki. Risasi nazo zilipita. Wakafa watu kwa makumi ya maelfu, wengi wao kwa njaa baada ya Wajerumani kuchoma mazao na maghala. Yote mawili yalitokea. Mtumishi wako anakusimulia umoja na kukuficha risasi, vijana wako wanakusimulia risasi na kuudharau umoja. Wewe umekaa pande zote, nawe una macho ya kuona kote, usikubali kufumbwa jicho moja na mtu yeyote.

Sipendi ukae na watu wanaotukana. Ukiona kati yao mmoja anayeuliza kwa adabu, anayekubali kusema "sijui", huyo mshike awe rafiki. Habari ya kujitangaza, puuza. Katiba yetu, ibara ya 19, inakupa uhuru wa kuamini na wa kubadilisha imani, lakini haimdai mtu kutoa hotuba barazani. Wala usiyafanye mashaka kuwa dhehebu jipya lenye shahada yake na makafiri wake. Umeshatoka kwenye nyumba tatu ukiwa na jeraha. Ya nne huihitaji. Mahali unapopauliza ni hapo hapo ulipo, kati ya watu wako, ilimradi usiwadanganye.

Na hapo ndipo penye kazi, maana sasa hivi unawadanganya wawili.

Wa kwanza ni mke wako, mwambie usiku huu. Naye alikuwepo usiku ule, alimshika mtoto kama wewe. Ninavyosoma barua yako, anaposema mjaribu tena bila dawa, huenda ni woga unaosema: kama maombi hayakuwa kitu, basi alimtia mwanawe hatarini bure, na mama gani anaweza kulibeba hilo peke yake? Lakini uamuzi mliufanya wote wawili, mwambie hivyo kwa mdomo wako, alisikie. Usimkejeli Mungu wake. Tomaso anamjua tangu Shule ya Jumapili, yule aliyetaka kugusa makovu ndipo aamini, na hakufukuzwa. Mwambie wewe umefika hapo alipofika Tomaso, na hujui kama utavuka. Kisha mpatane: yeye ataomba atakavyo, wewe hutamzuia kwenda ibadani, na dawa haiguswi.

Wa pili ni mama. Furaha yake imesimama juu ya jambo lisilokuwepo, na kila siku unayonyamaza inazidi kupanda juu. Usiende peke yako. Kwetu Kusini mjomba ndiye mwenye kauli kwa watoto wa dada yake, basi anza naye. Kaa naye faragha, umweleze bila kuremba. Atagomba kwanza, mwache agombe. Kisha mwende wote kwa mama, na iwe kabla ya siku ya hitma, si siku yenyewe watu wakiwa wameshaketi.

Kuhusu juzuu, nakupa maoni yangu, nawe utapima. Kuongoza dua mbele ya watu ili waone umerudi, kataa. Hiyo ni shahada ya uongo, na marehemu baba yako hana faida nayo. Lakini kuketi kwenye mkeka, kuwanawisha wageni mikono, kugharimia, kubeba sinia la pilau, hayo ni ya mtoto kwa baba yake na hayamuulizi mtu anaamini nini. Zile juzuu thelathini zikigawiwa na ukaona unaweza kusoma moja kwa ajili ya sauti ya baba yako aliyekuwa akikusomesha, soma, na mjomba awe anajua unasoma kwa nini. Ukiona huwezi, iachie mkono wa jirani, utakuta msomaji hakosekani.

Maneno ya kumwambia mama yasiwe mengi. "Mama, kanisani nimetoka, ila sijarudi ulipodhani nimerudi. Bado natafuta, na sitaki kuigiza mbele ya baba. Hitma nitaisimamia kama mwanao." Usimtajie vijana wa Shangani, wala usianze kumweleza makosa ya mganga wake siku hiyo. Akilia, kaa naye mpaka amalize. Akishatulia, muulize mchele anataka kilo ngapi, na ubani nani ataleta.

Shangazi yako