Jibu: Kuchanganya lehemu yenye risasi na isiyo na risasi
Salama mkuu. Umeuliza kama unaweza kuongeza lehemu ya 63/37 (bati asilimia 63, madini ya risasi asilimia 37) kwenye bodi ya inveta iliyotoka kiwandani na lehemu isiyo na risasi, maana kiungo cha transista kinabaki na ukungu, kisha kinaachia.

Unaweza. Hapa Arusha inveta za sola zinazonifikia nazirudishia kwa hiyo hiyo 63/37. Ila anza na joto la pasi ya kulehemu. 63/37 huyeyuka kwa nyuzi 183. Ile ya kiwandani, kama ni bati, fedha na shaba, huanza kwenye 217. Ukitumia joto dogo, ya juu inayeyuka, ya chini inabaki ngumu, nawe unadhani umemaliza. Panda hadi 350 hivi, weka flaksi (dawa ya kusaidia lehemu ishike) ya kutosha, inyonye ya zamani yote kwa utambi wa shaba, ndipo uweke mpya. Ukungu peke yake usikutishe, lehemu isiyo na risasi ndivyo inavyokuwa. Kinachoachia ndicho tatizo.

Pa kuogopa ni lehemu ya bati na bismuthi, inayoyeyuka kwa 138. Ikikutana na risasi, sehemu ya mchanganyiko huyeyuka kwenye 96 tu, na transista ya inveta ikibeba mzigo hufika huko. Hiyo usichanganye kabisa.

Chipu zenye vijipira vya lehemu kwa chini mimi sizigusi, nampelekea mwenye mashine. Halafu nawa mikono kabla hujagusa chapati, risasi ni sumu.